Mtafiti Akileta Habari Mbaya

Ukitoka Arusha mjini kwa barabara ya Namanga unafika Ngaramtoni, mji mdogo wa soko wenye Hospitali ya Selian, maduka ya pembejeo kando ya lami, na Mlima Meru juu yake. Wasafiri wengi hupita hapo wakiwahi Longido au mpakani. Si wengi wanaojua kwamba katika eneo hili ndiko zilikohifadhiwa mbegu za asili za mazao ya nchi nzima, ndiko iliko Hebaria ya Taifa yenye mimea iliyokaushwa na kuandikwa majina, na ndiko yalikofanyika majaribio ya miongo mingi kuhusu mbu, mbung'o na wadudu wa mashambani.

Kituo kinachobeba kazi hizo kimepitia mikono mingi. Mizizi yake ni kitengo cha serikali ya kikoloni cha kuchunguza dawa za wadudu, kilichoanzia Entebbe, Uganda, mwaka 1945, kisha kikahamia Arusha. Baadaye kikawa taasisi ya Afrika Mashariki nzima. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, Tanzania ilibaki na majengo na wataalamu, na mwaka 1979 Bunge likatunga sheria ya kuanzisha TPRI, Taasisi ya Utafiti wa Viuatilifu vya Ukanda wa Tropiki. Mwaka 2020 sheria nyingine, ile ya Afya ya Mimea, ikaigeuza kuwa sehemu ya TPHPA, Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania. Nitarudi kwenye badiliko hilo, maana lina uzito kuliko inavyodhaniwa.

Kila unapozuka mjadala kuhusu imani ya wananchi kwa wanasayansi, lawama humwangukia mwananchi. Tunaambiwa haelewi, anasikiliza uvumi, anaamini kila anachotumiwa kwenye simu. Mimi naona tunamuuliza mtu asiye wa kuulizwa. Wa kuulizwa kwanza ni sisi tunaowaajiri watafiti, tunaowafadhili na kuwasimamia: je, tumemwekea mtafiti mazingira ya kusema alichokiona hata kama hakitapendeza? Mwananchi ana akili ya kutambua mtu anayempa habari nzuri tu. Mtu wa namna hiyo anamjua vizuri, kwa sababu hukutana naye kila siku dukani.

Nitaanza na kibanda, kwa kuwa ndicho kitu kilichonifundisha zaidi kuhusu jambo hili.

Katika miaka ya 1960, Alec Smith, mtafiti wa TPRI, alikuwa akihangaika na swali ambalo kwa nje linaonekana jepesi: ukipuliza dawa ndani ya nyumba, unajuaje kwamba imefanya kazi? Jibu la haraka ni kuokota mbu waliokufa sakafuni na kuwahesabu. Lakini sisimizi huwahi kabla yako na kubeba maiti. Na mbu mwingine huingia, akaguswa na dawa, akatoka mzima kupitia upenyo kati ya ukuta na paa, akaenda kufia mbali au kuuma mtu nyumba ya pili. Anayehesabu wa sakafuni peke yake atapata takwimu, nazo zitakuwa za uongo.

Smith na wenzake, wakifanya majaribio kule Magugu, walikamilisha muundo wa kibanda chenye baraza. Mtu hulala ndani usiku kucha. Kibanda kimeinuliwa juu ya nguzo fupi zilizozungushiwa maji ili sisimizi wasipande. Madirisha yana mitego. Baraza mbili zimezibwa kwa wavu, na nyingine mbili zimeachwa wazi ili mbu waingie kama wanavyoingia nyumba yoyote. Asubuhi watu huingia na kuokota mmoja mmoja: aliyekufa, aliye hai, aliyeshiba damu, aliyetoka na njaa. Aliyenaswa katika baraza zilizozibwa huhesabiwa mara mbili, kwa hoja kwamba mwenzake mmoja ametorokea zile zilizo wazi. Baada ya muda baraza hubadilishana, upande mmoja usije ukapendelewa.

Nataka msomaji alitafakari hilo la kuhesabu mara mbili. Watu hawa walitengeneza chombo chao makusudi ili kionyeshe dawa ilivyoshindwa. Kwa vibanda hivyo ilithibitika kwamba DDT, dawa iliyosifiwa dunia nzima, iliwakera mbu wengi wakatoka nje kabla hawajapata kipimo cha kuwaua. Haikuwa habari ya kumfurahisha muuzaji wala serikali iliyokwisha kununua. Iliandikwa hivyohivyo. Leo vibanda vya muundo huo vinajulikana katika sayansi ya mbu kama vibanda vya Afrika Mashariki, na bado vinatumika kupima dawa na vyandarua katika nchi mbalimbali.

Moyo huo haujafa. Kisongo, nje kidogo ya jiji la Arusha, kiwanda cha A to Z kimekuwa kikitengeneza vyandarua vyenye dawa ya kudumu tangu mwaka 2003. Wakati huohuo mbu walikuwa wakijenga usugu dhidi ya dawa za kundi la pairethroidi ambazo vyandarua hivyo vilitegemea. Ndipo watafiti wa Tanzania na wenzao wa nje wakapeleka aina kadhaa za vyandarua Misungwi, mkoani Mwanza, na kufuatilia watoto kwa miaka miwili. Matokeo yalichapishwa mwaka 2022 katika jarida la Lancet. Chandarua kilichochanganya pairethroidi na klorifenapiri kilipunguza malaria kwa watoto kwa asilimia 44 kikilinganishwa na cha kawaida. Aina nyingine mbili za kisasa, zilizokuwa zimetarajiwa makubwa, faida yake haikudumu miaka hiyo miwili, na hilo nalo likaandikwa waziwazi. Mwaka uliofuata Shirika la Afya Duniani likatoa pendekezo rasmi la kutumia chandarua kilichofanya vizuri pale ambapo mbu wamekuwa sugu. Mama anayetandika chandarua kipya leo hana haja ya kuwa amesoma Lancet. Lakini anastahili kujua kwamba waliokipima walikuwa na ruhusa ya kusema hakifai.

Sasa turudi mashambani, ambako mambo hayajanyooka hivyo.

Mwaka 2007, Vera Ngowi, akiwa mtafiti wa TPRI, alichapisha pamoja na wenzake uchunguzi kuhusu wakulima wadogo wa mboga wa Kaskazini mwa Tanzania. Waliwauliza wakulima wanatumia dawa gani, kiasi gani, na baada ya kupuliza wanajisikiaje. Asilimia 68 walisema wamewahi kujisikia wagonjwa baada ya kazi ya kawaida ya kupuliza: kizunguzungu, kichwa kuuma, matatizo ya ngozi. Karibu theluthi moja walikuwa wakichanganya dawa, mara nyingi hadi aina tatu, katika bomba moja, na hakuna lebo wala bwana shamba aliyekuwa amewapa maelekezo ya kuchanganya hivyo. Zaidi ya nusu walisema matumizi ya dawa yalikuwa yakiongezeka.

Takwimu hizo zimenukuliwa mara nyingi katika maandishi ya kitaaluma. Kila nikizisoma humfikiria mtu aliyejibu. Mtu mzima, mwenye familia yake, amemwambia mgeni mwenye daftari kwamba akimaliza kupiga dawa dunia inamzunguka. Hakulazimishwa. Alimwamini mgeni kabla mgeni hajafanya lolote la kustahili imani hiyo. Tunapozungumza kuhusu kujenga imani, tunasahau kwamba mkulima huwa amekwisha kutoa sehemu yake mwanzoni kabisa, siku ya dodoso. Linalobaki ni mtafiti kulipa deni. Na hapo ndipo tunapokwama, kwa sababu bajeti nyingi za utafiti zina fungu la kukusanya taarifa na hazina fungu la kuzirudisha. Mafuta ya gari huisha siku dodoso la mwisho linapojazwa.

Pengo hilo hujazwa na mwingine. Mwaka 2014 nondo mdogo kutoka Amerika ya Kusini, Tuta absoluta kwa jina la kitaalamu, aligunduliwa katika nyanya za Ngarenanyuki, upande wa pili wa Mlima Meru. Wakulima wakamwita kanitangaze. Kiwavi wake hutoboa na kuishi ndani ya jani na ndani ya tunda, ambako dawa ya kupuliza juu haimfikii vizuri, na shamba zima linaweza kuteketea. Mkulima mwenye mkopo wa mbegu na mbolea hawezi kusubiri ripoti. Anakimbilia dukani, anapewa chupa, isiposaidia anapewa nyingine, na hatimaye anazichanganya. Muuza duka huenda hana mafunzo, huenda chupa yenyewe ni feki, lakini ana sifa moja ambayo mtaalamu hana: kesho atakuwepo palepale.

Kwa hiyo naliona badiliko la mwaka 2020 kwa macho mawili. Kwa upande mmoja lilihitajika. Ukaguzi wa mimea mipakani, usajili wa viuatilifu, mapambano dhidi ya viwavijeshi vamizi, nzige na kweleakwelea vilikuwa vimetawanyika katika ofisi mbalimbali, na kuviweka chini ya mamlaka moja yenye meno ni busara. Dawa feki haziondolewi na makala za kitaaluma. Zinaondolewa na mkaguzi mwenye uwezo wa kufunga duka.

Lakini mtafiti na mkaguzi hawaingii shambani kwa namna moja. Mtafiti anamuuliza mkulima, "Mzee, unachanganya dawa?" ili ajifunze. Mkaguzi anauliza swali hilohilo, na jibu linaweza kuwa kosa. Watu hao wawili wakitoka nyumba moja, na gari lao lina nembo moja mlangoni, mkulima mwenye akili timamu ataanza kupima maneno. Vilevile, ofisi inayosajili kiuatilifu ikija kugundua kupitia utafiti wake kwamba kiuatilifu hicho kina madhara ambayo hayakutarajiwa, itakuwa inajisahihisha yenyewe mbele ya watu. Simtuhumu yeyote. Nasema mpangilio wa namna hii unahitaji ukuta unaoonekana: watafiti wawe na bajeti yao, wawe na haki ya kuchapisha bila kusubiri kibali cha idara inayosajili, na majina ya waliohojiwa yasivuke kamwe kwenda upande wa ukaguzi. Mkulima aelezwe hivyo kabla ya swali la kwanza.

Nchi yetu inajua inavyokuwa mtafiti anapobaki bila kinga. Mwezi Desemba 2016, Dakta Mwele Malecela, mwanamke wa kwanza kuongoza Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, NIMR, alitangaza matokeo ya utafiti yaliyoonyesha kuwa baadhi ya sampuli za damu zilizopimwa nchini zilikuwa na dalili za maambukizi ya virusi vya Zika. Serikali ikasema hakuna mlipuko wa ugonjwa huo nchini. Kauli hizo mbili zingeweza kukaa pamoja, maana damu kuonyesha kwamba mtu aliwahi kuambukizwa si sawa na mlipuko. Ilihitajika siku chache za ufafanuzi. Badala yake, wiki hiyohiyo uteuzi wake ukatenguliwa. Alikwenda Shirika la Afya Duniani, akaongoza huko Geneva idara ya magonjwa ya kitropiki yasiyopewa kipaumbele, hadi alipofariki Februari 2022. Dunia ilipata kiongozi. Sisi tulibaki na kizazi cha watafiti vijana walioona yaliyompata bosi wao, na sidhani kama kuna semina inayoweza kufuta somo hilo.

Mwaka 2018 Sheria ya Takwimu ikarekebishwa kwa namna iliyofanya kuwa kosa kutangaza takwimu zinazopinga zile rasmi, na mwaka uliofuata Bunge likalazimika kuilegeza. Mei 2020 Rais John Magufuli akaitilia shaka maabara ya taifa hadharani, akisema sampuli za papai na mbuzi zilizopelekwa kwa siri zimeonyesha virusi vya korona. Takwimu za wagonjwa zikasimama kwenye 509, na vifo kwenye 21. Kupima chombo kwa sampuli ya mtego ni jambo la kisayansi kabisa, na maabara nzuri hujipima hivyo kila mara. Lakini kipimo hicho hufuatwa na uchunguzi wa kina na ripoti ambayo watu wanaweza kuisoma. Kilichofuata kwetu ni ukimya wa muda mrefu wa takwimu.

Aprili 2021 Rais Samia Suluhu Hassan akaunda kamati ya wataalamu kuhusu korona, na Julai 28 mwaka huo akachanjwa mbele ya kamera. Watu hawakukimbilia chanjo kesho yake. Mwanzoni mwa mwaka 2022 waliokamilisha chanjo hawakufika hata watano katika kila watu mia. Kufikia Aprili 2023 walikuwa wamepita nusu ya wananchi wote. Katikati hapo kulikuwa na wahudumu wa afya waliotembea nyumba kwa nyumba, minadani, misikitini na makanisani, wakiulizwa maswali yaleyale na kuyajibu bila kumdhihaki aliyeuliza. Mfano wa rais ulifungua njia. Waliobadilisha namba ni waliotembea.

Wala tusikubali kuambiwa kwamba Mwafrika Mashariki ana shaka ya kuzaliwa nayo dhidi ya sayansi. Uchunguzi wa shirika la Wellcome la Uingereza wa mwaka 2018, uliohoji watu zaidi ya 140,000 katika nchi zaidi ya 140, ulikuta asilimia 92 ya waliohojiwa Afrika Mashariki wakiamini chanjo ni salama. Ufaransa, nchi ya Louis Pasteur, mtu mmoja katika kila watatu hakukubali. Sisi tulianza na akiba kubwa. Hatari yetu ni kuitumia hovyo.

Kuna jaribu jingine gumu zaidi, nalo ni sayansi yenyewe kubadili kauli. Watu wa Meru wanalijua kwenye meno. Miamba ya volkano ya mlima huu hutia floraidi nyingi katika chemchemi na visima, na vizazi vya watoto wamekua na meno ya kahawia, wengine na mifupa iliyopinda. Shirika la Afya Duniani linapendekeza isizidi miligramu 1.5 kwa lita. Tanzania, katika viwango vya muda vya mwaka 1974, iliruhusu hadi miligramu 8 kwa maji ya vijijini, baadaye ikashuka hadi 4, na sasa imefika 1.5. Mama aliyelea watoto kwa maji yaliyokuwa halali jana na si halali leo ana haki ya kuuliza nani alimdanganya. Jibu la kweli lipo. Wakubwa wa 1974 walijua kiwango ni kikubwa, lakini maeneo mengi hayakuwa na maji mengine, na kufunga kisima kungewarudisha watu kwenye madimbwi machafu. Walichagua baya dogo. Hilo mama analielewa, kwani amechagua mabaya madogo maisha yake yote. Asichoweza kulielewa ni kutoambiwa.

Watafiti wa hapahapa wamelishika tatizo hilo. Kituo cha Ngurdoto kimefanya kazi ya kuondoa floraidi kwa mkaa wa mifupa, na Dakta Askwar Hilonga wa Taasisi ya Nelson Mandela iliyoko Tengeru alibuni kichujio cha maji kilichomletea Tuzo ya Afrika ya Ubunifu wa Kihandisi mwaka 2015. Vipaji vipo kila upande wa mlima.

Linalotetereka ni fedha. Januari 2025 serikali ya Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje, na Julai mosi shirika la USAID likafungwa rasmi. Mei mwaka huo Taasisi za Taifa za Afya za Marekani, NIH, zikaacha kutoa ruzuku mpya za aina ile ambayo chuo cha Marekani hupokea kisha humgawia mshirika wa nje, na hiyo ndiyo njia iliyolisha sehemu kubwa ya utafiti wa afya katika ukanda wetu. Mradi ukikatwa katikati, wa kwanza kuona ni mshiriki kijijini. Aliyekuwa akitembelewa na kupimwa damu kila mwezi, ghafla hatembelewi, na hakuna anayekuja kumweleza kwa nini. Mtafiti Mtanzania ndiye atakayekutana naye sokoni. Aibu inamwangukia yeye, ingawa uamuzi ulifanywa Washington.

Viongozi wa Afrika walikwisha kuahidi kutenga asilimia 1 ya pato la taifa kwa utafiti, na Tanzania, kama majirani wengi, haijafika hapo. Ningependa ahadi hiyo itimizwe yote. Wakati tukiisubiri, lipo jambo dogo linaloweza kuanza Ngaramtoni bila kusubiri mfadhili. Sheria ya serikali za mitaa inataka mkutano mkuu wa kijiji ufanyike angalau kila miezi mitatu. Kila kibali cha utafiti kinachotolewa na COSTECH, Tume ya Sayansi na Teknolojia Tanzania, kiwe na sharti moja la ziada: mtafiti arudi kwenye mkutano huo, asome alichokikuta kwa Kiswahili, na kwa Kimaa pale wazee wanapokihitaji, aseme pia kilichoshindikana, kisha akae ajibu maswali mpaka yaishe. Fungu la safari hiyo liandikwe kwenye bajeti tangu mwanzo, mafuta, posho ya mkalimani na karatasi za kubandika ofisi ya kijiji, na mradi usihesabiwe kuwa umefungwa kabla muhtasari wa mkutano huo haujafika COSTECH ukiwa na muhuri wa mtendaji wa kijiji.